Ngozi ya Kichwa cha Wegesa

Kwa miaka sita Wegesa alisaga nafaka kwenye mashine moja kule Bweri, na miaka yote hiyo alimwomba tajiri yake arudishe kava la mkanda. "Wiki ijayo," tajiri alijibu kila mara. Jumanne moja Wegesa aliinama kukinga unga, kilemba kikalegea, rasta zikashikwa na mkanda. Ukambandua ngozi ya kichwa kuanzia juu ya nyusi mpaka kisogoni.

Dada yake, Kwangu, alikuwa kwenye foleni na mtama wake. Ndiye aliyezima mashine. Ngozi ilikuwa bado imeshika upande mmoja, mbele ya sikio la kushoto, inaning'inia begani na nywele zake zote, inachuruzika damu. Kwangu akachukua kisu cha kukatia viroba, akaikata. Akamfunga mdogo wake khanga kichwani, wakakimbilia hospitali kwa bajaji.

Daktari Felisiani alipofungua ile khanga aliuliza, "Ngozi yenyewe iko wapi?"

"Imebaki mashineni, daktari. Ilikuwa imeshika kidogo tu hapa. Nikaikata."

"Ilikuwa inatoka damu?"

"Nyingi! Ndiyo maana nilikata, ili iache kutoka."

Daktari aliweka khanga kando, akamtazama mgonjwa. Wegesa, aliyekuwa macho, akamwambia, "Sema tu."

Daktari akaeleza polepole. Mishipa ya damu ya kichwa hupita kwenye tabaka gumu chini tu ya ngozi. Tabaka hilo huishikilia mishipa hiyo, hivyo ikikatika haiwezi kusinyaa na kujifunga, ndiyo maana jeraha la kichwa hutoka damu kiasi cha kutisha. Chini zaidi kuna tabaka legelege, na hapo ndipo ngozi ilipobanduka.

"Ile damu ilionyesha ngozi iko hai," alisema. "Mshipa wa mbele ya sikio peke yake ungeweza kuilisha yote. Mngekandamiza kwa kitambaa mkaniletea, ningeirudisha nikashona. Ikishakatwa kabisa, hapa hatuna uwezo wa kuiunga."

Kwangu akaanza kulia.

"Dada," Wegesa alisema, "toka nje."

Alilazwa miezi minne. Utosini mkanda ulikuwa umeng'oa hata utando mwembamba unaofunika mfupa, na mfupa mtupu haupokei ngozi. Daktari aliutoboa vitundu vidogo, wakasubiri nyama nyekundu iote, ndipo akapandikiza ngozi ya pajani. Ilishika. Nywele hazikuota, wala hazitaota.

Tajiri alirudisha kava wiki ileile ya ajali, akaajiri mtu mwingine. Cha ajabu, Wegesa hakumchukia sana.

Siku ya kuruhusiwa Kwangu alimsubiri getini. "Mdogo wangu, mimi nilidhani nakuokoa."

"Najua."

"Sasa mbona hata kuniangalia hutaki?"

Wegesa akakaza kitambaa chake, akapanda pikipiki ya kwenda stendi. Siku hizi anaishi kwa mama yao Butiama, analima mihogo. Kwangu hupiga simu kila Jumapili baada ya ibada, na mama ndiye anayepokea.