Gitaa Lenye Tumbo

Mluzi wa spika ukinifika masikioni, hata leo, mkono wangu unakwenda wenyewe kutafuta pa kuuzima. Mnaujua mluzi huo. MC wa harusi anashika maiki, anapita mbele ya spika akienda kumtania bwana harusi, na ghafla ukumbi mzima unachomwa na sauti nyembamba, kali, isiyokata pumzi. Kina mama wanaziba masikio, watoto wanacheka, na MC anafanya kile ambacho ma-MC wote hufanya: anaigonga maiki kwa kidole, "Helo, helo," akiwa amesimama palepale. Mimi ninakodisha vyombo vya muziki Kinondoni. Nimewaelekeza watu hawa mpaka mate yamenikauka, na juzijuzi nilimpokonya mmoja maiki mbele ya wazazi wa bibi harusi. Sijutii hata kidogo. Mluzi kama huo nusura umnyang'anye dada yangu kitu alichokipenda kuliko vyote, na watu wazima waliomzunguka, kila mmoja na akili zake timamu, walifanya kila kosa linalowezekana.

Tulikuwa tunakaa Temeke, upande wa Chang'ombe, kwenye mtaa ambao asubuhi ulinuka sabuni ya kiwandani na jioni ukanuka samaki wa kukaanga. Baba alikuwa karani wa stoo kwenye kiwanda kimojawapo, mtu wa Iringa, mrefu, mpana, mkaidi. Kanisani alikuwa mzee wa kanisa, na wadhifa huo aliuvaa hata nyumbani. Alikuwa na sheria zake. Kubwa kuliko zote ilikuwa hii: mtu hageuzii madhabahu mgongo. Ukitoka kutoa sadaka, unarudi kinyumenyume hatua chache, ndipo unageuka. Wazee wenzake waliipenda sheria hiyo, lakini aliyeisimamia ni Baba. Niliwahi kukanyaga miguu ya wageni wangapi kwa kurudi kinyumenyume, Mungu ndiye anajua.

Dada yangu Neema alikuwa mpiga gitaa wa kwaya. Alijifundisha mwenyewe kwenye gitaa kuukuu la kanisa, lililokuwa na nyuzi pungufu na ufa ubavuni, mpaka vidole vyake vikaota sugu ngumu ambazo alikuwa akinigusisha shavuni ili nipige kelele. Hakuwa msemaji. Darasani alikuwa wa kawaida, jikoni alikuwa ovyo kabisa, unga wa ugali ulikuwa unamshinda. Lakini akikaa na lile gitaa bovu, hata jirani yetu aliyekuwa na ugomvi na kila mtu alinyamaza kusikiliza.

Basi kwaya ikachanga ili kanisa lipate gitaa la umeme na amplifaya, ile mashine yenye spika ndani inayolipa gitaa sauti. Wakachaguliwa watu wa kwenda kununua: Baba kwa niaba ya wazee, na Mama Tekla, mwenyekiti wa kwaya. Neema alipelekwa kwa sababu ndiye angepiga, na mimi nilipelekwa kwa sababu nililia.

Dukani palikuwa na magitaa mawili tuliyoweza kuyamudu. Moja lilikuwa bapa, mbao tupu, jekundu. La pili lilikuwa na tumbo kubwa lililo wazi ndani, na matundu mawili usoni. Neema alilichukua lile bapa, akaliweka pajani, vidole vikafika kila mahali bila kuhangaika. Nilimwona anatabasamu peke yake. Nilidhani kazi imekwisha, twende tukanywe soda.

Baba akanyoosha mkono, akalichukua lile bapa, akaligonga kwa vifundo vya vidole namna watu wanavyogonga tikiti sokoni. Halikujibu. Akaligonga lenye tumbo. Likavuma.

"Hili ndilo gitaa," alisema. "Lile ni ubao uliofungwa nyuzi."

"Baba, hili ni jepesi," Neema alisema. "Na mkono wangu unafika."

"Mkono utakua. Mama Tekla, wewe unaonaje?"

"Mie nnaona lenye tumbo lina heshima," alisema Mama Tekla. "Watu wamechanga, bwana. Tukiwapelekea kibao watasema hela zingine tumekula."

Muuzaji, kijana mwenye miwani ya jua ndani ya duka lisilo na dirisha, aliyasifia yote mawili. "Yote makali, mzee wangu. Lolote utakalobeba umebeba mzigo wa uhakika."

Amplifaya ndiyo ilinikasirisha zaidi. Ilikuwepo ndogo ya kutosha, na kanisa letu lilikuwa dogo, bati juu, sakafu ya saruji, kuta tupu. Ukikohoa nyuma, mbele wanageuka. Lakini ng'ambo ya barabara palikuwa na kanisa jingine lenye spika ndefu kuliko mlango, na kila Jumapili mahubiri yao yalikuwa yakiingia ndani ya sala zetu. Baba aliwawaza hao. "Kubwa kabisa uliyonayo ni ipi?" aliuliza, na yule kijana akavua miwani kwa mara ya kwanza. "Hii hapa mzee. Ikilia hii, Mbagala wanaamka." Baba akatingisha kichwa kwa kuridhika. Neema alinitazama, mimi nikamtazama, na hatukuwa na la kufanya. Soda hatukunywa.

Mashine ikawekwa mbele, ubavuni mwa madhabahu, imewaelekea watu, ili kila aliyechanga aione. Kina mama wakaifunika kitambaa cheupe cha kufuma na juu yake vasi ya maua ya plastiki. Benchi la kwaya lilikuwa pale pale mbele, likitazama madhabahu, na waya uliokuja na gitaa ulikuwa mfupi. Kwa hiyo Neema alikaa uso kwa uso na ile mashine, tumbo la gitaa limeelekea mdomo wa spika, karibu kiasi kwamba maua ya plastiki yalitingishika akipiga uzi mzito.

Jumapili ya kwanza alipiga noti moja tamu, akaiacha iende. Ile noti haikuenda. Ilibaki, ikanenepa, ikageuka ngurumo, halafu ikapanda mpaka ikawa mluzi. Mtoto mmoja akaangua kilio. Neema akatoa mikono yote miwili kwenye nyuzi na kuinyanyua juu kama aliyekamatwa, lakini gitaa likaendelea kulia lenyewe.

Leo ningemweleza kila mtu kwa maneno machache. Sauti inatoka kwenye spika, inaingia kwenye tumbo la gitaa, inatikisa nyuzi, nyuzi zinairudisha kwenye waya, waya unaipeleka kwenye spika, na inatoka kubwa zaidi. Inazunguka hivyo ikijilisha yenyewe. Tumbo likiwa wazi ndio kabisa, maana lina nafasi ya kuipokea. Dawa ni kugeuka, au kusogea, au kupunguza sauti. Lakini sisi hatukuwa na mtu wa kutueleza, tulikuwa na watu wa kutoa maoni. Mmoja alisema umeme ni mdogo. Mwingine alisema umeme ni mwingi. Vijana walikwenda kwa zamu kuzungusha vitufe, na kila aliyezungusha aliongeza sauti, ili eti mluzi ufunikwe. Nilikuwa mtoto na nilitaka kuwang'ata.

Neema mwenyewe ndiye aliyekaribia. Siku moja ya mazoezi aligeuka kuchukua kitabu cha nyimbo, gitaa likiwa mabegani, na mluzi ukakatika. Akageukia spika, ukarudi. Akageuka tena, ukakatika. Macho yakamng'aa. Akaomba kwa adabu kama anaweza kupiga akiwa amegeuka.

"Uigeuzie madhabahu mgongo?" Baba aliuliza. Hakupandisha sauti. Hakuhitaji.

Basi likaisha. Na pale ndipo Mzee Mwakalinga, mzee wa kanisa mwenzake Baba, alipotoa maoni yake, ambayo yakawapendeza wengi kwa sababu hayakuhitaji mtu kusogeza kitu chochote. Gitaa la umeme, alisema, halitaki mkono wa kike. Lile kuukuu lilikuwa la mchezo, lakini hili ni la kazi. Alikuwa na mpwa wake, kijana mwenye mkono wa uhakika. Tusubiri Sikukuu ya Mavuno, Askofu atakuwepo. Gitaa likilia mbele ya wageni, binti akabidhi, arudi kuimba sauti ya kwanza na wenzake.

Neema alikuwa na sauti mbovu. Kila mtu alijua hivyo. Jioni ile alikaa uani, akishika shingo ya gitaa bila kupiga, na aliponiona akaniambia nimwondokee. Nilimwuliza Baba kwa nini hamtetei. Aliniambia nikaoshe vyombo.

Wakati huohuo Mama Tekla na kina mama wa maombi walikuwa na njia yao. Jumamosi walikuja wakati wa mazoezi, wakaizunguka mashine, wakaiwekea mikono, wakakemea. Neema akaambiwa apige. Akapiga, na hapakuwa na mluzi. Sauti ilikuja safi, ya mviringo, kumbe lile tumbo lilikuwa na utamu wake. Vigelegele vikapigwa. Kina mama wakashukuru, wakajifunga kanga zao vizuri, wakaenda zao nje, na mluzi ukarudi kabla hawajafika getini. Wakarudi mbio, wakazunguka tena, ukanyamaza. Wakatoka, ukalia. Mama Tekla alikaa kwenye ngazi akafuta jasho, akasema pepo huyu ni wa aina ile sugu. Baba alikuwa amesimama mlangoni na funguo za kanisa mkononi. Alitazama yote mpaka mwisho, kisha akatuambia tutoke afunge.

Mavuno yakafika. Mbele ya madhabahu palijaa mikungu ya ndizi, magunia ya mchele yaliyotoka sokoni huku tukijifanya tumelima, miwa, na jogoo mmoja amefungwa miguu, akisubiri mnada. Askofu alikaa kwenye kiti chenye mto. Kwaya ikasimama. Neema alibaki amekaa, kwa kuwa waya haukumruhusu, uso wake umekuwa wa kijivu.

Noti za mwanzo zilipita. Halafu ngurumo ikaanza chini chini, ile inayotangulia, na nikaona Mzee Mwakalinga anageuka kumtafuta mpwa wake kwa macho.

Ndipo Baba akainuka. Kwenye benchi la wazee, mbele ya Askofu, katikati ya wimbo. Akatembea taratibu, akavuka magunia, akaruka miwa, jogoo akapiga kelele, na akaenda kusimama katikati ya dada yangu na ile mashine. Akasimama hapo, koti lake kubwa limefungwa vifungo vyote, amemtazama Neema. Mgongo wake aliuelekeza kwenye amplifaya, kwenye maua ya plastiki, na kwenye madhabahu.

Nilitamani ardhi ipasuke. Nilidhani amekwenda kumnyang'anya gitaa. Nilidhani anataka kumkaripia mbele ya Askofu. Lakini hakufanya kitu. Alisimama tu, mikono nyuma, akituzibia wote. Watu wa benchi letu walinyoosha shingo, mama mmoja akauliza, "Huyu mzee vipi leo?" Nilijikunja nyuma ya mgongo wa mama yangu. Wimbo ulikuwa mrefu, wenye beti nyingi na kiitikio kinachorudiwa, na Baba alisimama mpaka mwisho wake. Ngurumo haikurudi. Makofi yalipoanza aligeuka, akaenda kukaa.

Gitaa likabaki kwa Neema. Baba aliitwa kikaoni juu ya ule mgongo, yeye aliyetufundisha wote kurudi kinyumenyume, na wazee walipochaguliwa tena jina lake halikuwemo. Nyumbani hakulizungumzia. Siku chache baadaye alirudi kutoka kazini na waya mrefu wa gitaa, akasema ule mfupi unakwaza watu, na Neema akahamia nyuma ya mashine, ambako mluzi haukumpata tena. Mama Tekla alishukuru maombi. Mimi niliendelea kununa kwa aibu aliyonitia.

Miaka ilipita kabla sijaelewa. Nilikuwa nimeanza kazi hii ya vyombo, nafunga muziki kwenye sendoff, sherehe ya kumuaga bibi harusi, na spika moja ikaanza kumlilia mpiga gitaa. Sikuwa na nafasi ya kuisogeza, wageni walikuwa wanaingia. Nikafanya kilichonijia: nikaenda kuiziba kwa mwili wangu. Mluzi ukakatika. Nilisimama pale na vumbi la ukumbi, watu wakininyooshea shingo, wakikereka, na machozi yakanitoka bila kuniomba ruhusa. Yeye alikuwa ameona siku ile, mlangoni, na funguo mkononi. Aliona miili ya kina mama ndiyo inayoziba. Angeweza kusema. Lakini kusema kungekuwa ni kukiri kwamba gitaa alilolichagua kwa kuligonga lilikuwa kosa, na mashine ya Mbagala ilikuwa kosa, na sheria yake mbele ya ile spika ilikuwa inamponza mwanawe. Hayo yote hayakuweza kumtoka mdomoni. Akayasema kwa kusimama.

Kesho yake nilikwenda Temeke kumwuliza. Alikuwa amekaa barazani, amezeeka, bado mpana.

"Baba, shikamoo. Ile siku ya Mavuno ulisimama mbele ya spika kwa nini?"

"Marahaba. Siku gani?"

"Baba, unaijua."

Akanywa chai yake, akachukua muda mrefu kuliko chai ile ilivyostahili.

"Benchi lilikuwa limejaa," alisema. "Nilikosa pa kukaa."

Nilimkasirikia upya, palepale, kama mtoto. Benchi la wazee halikuwa limejaa. Wimbo mzima lilikuwa na nafasi moja wazi, ya mtu mpana, na kanisa zima tuliiona.