Viboko wa Mama Nyakundi

Kosa ni langu, sina wa kumsingizia. Miaka ya sabini nilikuwa mwalimu wa shule ya msingi huku Manga, na kila barua ya Kiingereza iliyofika kijijini ililetwa kwangu. Sikuwahi kumwambia mtu kwamba kuna neno limenishinda. Hiyo ndiyo asili ya haya yote.

Jirani yangu Mama Nyakundi alikuwa mjane, na mwanawe wa pekee alikuwa amekwenda Amerika kusoma. Nyakundi alituandikia kwa Kiingereza ili tujue amefika. Siku moja akaandika kwamba masomo yamesimama kidogo, amepata kazi katika wota paki.

Mimi paki niliyoijua ni ile ya simba na twiga. Hii ikiwa ya maji, nikajijazia mwenyewe.

"Mama, Nyakundi analinda mbuga ya wanyama wa majini," nikasema.

"Wanyama gani?"

Hapo ningesema sijui. Nikasema, "Viboko."

Mama Nyakundi aliketi chini. Kila Sabato akawa anasimama kanisani kumwombea mwanawe aepushwe na viboko, na kanisa zima likaitikia amina, mimi nikiwemo.

Barua zikaendelea kuja. Mabwawa ya paki ile yalichimbwa kwanza na mzee mmoja mkulima wa machungwa. Alipochoka akaiuzia kampuni ya soda, na kampuni nayo ikawauzia wenye hoteli. Nilisoma yote hayo bila kujikwaa. Kisha ikaja barua ya mwisho. Paki imeuzwa tena, na Nyakundi akatania kwamba wafanyakazi wameuzwa pamoja na maji. Mmiliki mpya anataka kumfanya msimamizi na kumlipia masomo yake. Je, mama anasemaje?

Mama hakusikia habari za usimamizi. Alisikia kuuzwa.

"Andika kwamba nimelala kitandani, siwezi kuamka," akaniambia. "Mwanangu hawezi kuuzwa pamoja na viboko."

Bado nilikuwa na nafasi ya kusema. Niliandika, tena kwa mwandiko mzuri sana.

Nyakundi akaacha yote akarudi. Nilimpokea barabarani, nikambebea sanduku mpaka kwao. Tulimkuta mama yake shambani anachuma chai.

"Afadhali umekuja, omwana one, mwanangu," mama akasema, huku akimkagua mikono. "Wale viboko hawakukuuma?"

"Viboko gani, mama? Pale ni mahali pa kuchezea, watu wanateleza tu na maji, wanacheka."

Mama akanigeukia. "Mwalimu, si wewe ulisoma?"

Ukweli ungesemwa hapo hapo, mbele ya watu wawili tu. Nikamwambia Nyakundi kwa Kiingereza, ili mama asielewe, kwamba amekuwa mgonjwa, kichwa kimechanganyikiwa, amvumilie.

Nyakundi akalia. Mmiliki mpya hakumngoja, na Amerika hakurudi tena. Alibaki nyumbani kumtunza mama asiye na ugonjwa wowote. Kila mama alipowataja viboko, alimpapasa mkono na kumwambia, "Ndiyo, mama, ndiyo."

Siku moja mama alinifuata nyumbani na mkungu wa ndizi, kama kawaida yake. Akaniuliza polepole, "Mwalimu, kweli hukusoma viboko?"

Nikasema sikusoma.

"Basi ni mimi," akasema, akaenda zake. Hakuwataja tena. Ndizi nilikula.

Alipofariki, Nyakundi aliniomba niandike historia ya marehemu, maana mwenye mwandiko ni mimi. Niliandika kwamba akili zilianza kumpungukia mapema. Nikaisoma kwa sauti mbele ya kaburi, watu wakatikisa vichwa kwa huruma. Aibu ile ninayo mpaka leo, na hainipi usingizi.

Wewe unayewasomea watu barua zao, neno likikushinda, sema limekushinda. Utaaibika siku moja tu, kisha utaenda nyumbani ule chakula chako. Mimi nasema leo, nikiwa nimechelewa. Mama Nyakundi alikuwa na akili timamu mpaka siku ya kufa kwake. Viboko walikuwa wangu.