Pini Kwenye Kola

Mama Cherehani alifika kanisani asubuhi ya Krismasi akiwa hoi bin taabani. Mwezi mzima alikuwa akishona majoho ya kwaya mpaka miguu ikavimba. Kila mwaka ni yale yale: mahubiri yakianza tu anasinzia, na wifi yake anamfinya.

Safari hii usingizi ulimtoka wenyewe. Kwaya iliposimama, aliona pini aliyoisahau kwenye kola ya mwimbishaji, ncha ikielekea shingoni. Akafumba macho.

"Bwana, asigeuke. Mshike hapo hapo alipo."

Aliomba wimbo mzima, jasho likimtiririka, bila kuwaza kitanda wala wateja.

Ibada ilipokwisha, aliichomoa pini akijifanya anamtoa mwimbishaji uzi.

"Leo umesali kweli," wifi yake akasema. "Ndiyo umeamua kumrudia Mungu mwaka mpya?"

Mama Cherehani alikuwa hajamwombea mtu kwa moyo namna ile mwaka mzima. Akaichomeka pini kwenye mkono wa gauni lake mwenyewe, pale itakapomchoma Jumapili ijayo akianza kusinzia.