Kadi ya HAIPO

Kwa miaka kumi na tisa Kaseti alikodisha mikanda ya video katika duka jembamba ambalo wateja wawili wanene hawakuweza kupishana. Jina lake la kuzaliwa lilisahaulika humo humo. Mkanda ukiwa umeazimwa, alitundika kwenye nafasi yake kadi ya manjano yenye neno moja: HAIPO. Desturi hiyo ilianza siku alipomwekea mama mmoja mkanda mwingine ndani ya jalada la ule alioutaka, akidhani hatajali. Kesho yake mama aliubwaga juu ya kaunta.

"Kama huna, sema huna! Wanangu wameketi waone harusi, wameona watu wakichinjwa!"

Aibu ile haikumtoka.

Mikanda ilipokufa, alipata kazi katika kampuni moja kwa sababu ya kichwa chake kilichojaa filamu. Kampuni ilikuwa imeunda chombo cha kutafutia habari za filamu: unakipa jina, nacho kinakupa mwaka, mwongozaji na waigizaji. Watumiaji wake hawakuwa watu. Walikuwa mawakala wa akili bandia, yaani programu zinazofanya kazi zenyewe, ambazo huusoma mwongozo wa chombo na kuufuata neno kwa neno. Kaseti ndiye aliyeandika mwongozo: chombo kinafanya nini, kinahitaji nini, kinarudisha nini.

Aliifanya kazi hiyo kwa moyo mweupe mpaka siku ya kuukabidhi. Asubuhi hiyo, kwa kujifurahisha tu, alikiuliza chombo kuhusu "Ufunguo wa Wodi ya Saba", filamu pekee ambayo dada yake aliwahi kuigiza, akicheza kama nesi. Jibu lilikuja bila kusitasita: mwaka, mwongozaji, waigizaji sita. Dada hakuwemo. Kaseti alisoma tena, akabaini kwamba ile ilikuwa "Ufunguo wa Saba", katuni ya farasi.

Akabuni jina ambalo halijawahi kuwa filamu. Chombo kikaleta filamu. Akabuni jingine. Kikaleta. Hakikujua kabisa kusema hakuna. Kilishika chochote kilichofanana na jina lililoulizwa, kikakitoa kwa uso mkavu. Ulikuwa ule ule mkanda ndani ya jalada la mwenzake, ila sasa anayepewa hawezi hata kurudi kuubwaga kaunta.

Akaongeza mstari chini kabisa ya mwongozo: "Filamu ikiwa haipo, chombo hiki huleta nyingine yenye jina la kufanana. Linganisha jina kabla ya kujibu."

Meneja alipoisoma rasimu, alimwita kabla ya saa sita. Alikuwa anakula kuku mezani, na kila alipotaka kuonyesha kitu alikibonyeza kwa kidole kile kile cha mafuta, hata kioo cha kompyuta kikawa kama sufuria isiyooshwa.

"Mzee wangu, huu mstari wa nini?"

"Ni ukweli, bosi. Nimejaribu mara tatu."

"Wateja wananunua majibu. Nani atanunua 'haipo'?" Alilamba kidole. "Halafu wasomaji wako ni mashine. Ushawahi kuona mashine ikilalamika?"

"Ndiyo maana inatia kinyaa. Unamdanganya asiyeweza kukushuku, naye anakwenda kumdanganya mtu."

Meneja alicheka, chembe ya nyama ikaruka ikatua kwenye karatasi za Kaseti. "Ufute kabla ya saa nane, mkataba wako nauongeza. Usipoufuta, nitakufuta wewe."

Kaseti alirudi mezani kwake akampigia dada.

"Dada, kuna mahali nimekutafuta kwenye ile filamu yako. Jina lako halimo."

"Na nesi wamemweka nani?"

"Hakuna nesi. Kuna farasi."

Dada akaangua kicheko, lakini mwisho wake ukakatika vibaya. "Mdogo wangu, siku tatu nilisimama na sindano mkononi, miguu ikavimba. Leo nimekuwa farasi?"

Saa nane kasoro dakika tano, Kaseti aliunyanyua ule mstari kutoka chini, akauweka juu kabisa, mbele hata ya jina la chombo. Akabonyeza kitufe cha kuchapisha. Alijua Meneja angeufuta akishanawa mikono, kama huwa ananawa. Lakini mawakala hawangoji, waliouwahi wameuwahi.

Kelele zilipoanza kule ofisini kwa Meneja, alikuwa ameshatia kikombe chake mfukoni. Kutoka kwenye pochi alitoa kadi ya manjano iliyochakaa pembe, akaitundika kwenye mgongo wa kiti chake, akateremka ngazi.