Rasimu Yangu Ilivyofungiwa Bajia

Kila nikipita dukani kwa Bwana Athmani, jirani yetu, husikia sauti kutoka nyuma ya magunia: "Mwalimu, sura ya nane yatoka lini?" na wote waliokaa pale wakaangua kicheko. Kwa hiyo nimeona bora nilisimulie jambo hili mwenyewe kabla halijatiwa chumvi (ingawa sijui ni chumvi gani iliyobaki ya kutiwa). Aibu ni yangu, naikiri, wala sina wa kumsukumia.

Lakini kwanza mnijue, maana mimi si mtu wa kubebwa. Niliondoka hapa Amu na begi moja, nikaenda Nairobi, mchana nikauza laini za simu, jioni nikasoma, nikarudi na diploma ya uandishi wa kubuni, yenye muhuri, nami nimeitundika ukutani mahali ambapo mgeni hawezi kuketi bila kuiona. Hadithi yangu fupi imechapishwa kwenye mkusanyiko pamoja na za waandishi wengine kumi na wawili (yangu ni ya tisa, ya tisa kwa mpangilio, si kwa ubora), na mchapishaji mmoja alisoma sura tatu za riwaya yangu akanijibu kwamba angependa kuuona mswada wote. Ni nani mwingine mtaani aliyejibiwa hivyo? Nitajieni.

Ninakaa kwa Bi Rukia, dada mkubwa wa mama yangu, aliyenilea tangu mama alipofariki, nami humwita Mama kwa sababu sina mwingine wa kumwita hivyo. Baada ya Alasiri huketi kwenye kibaraza cha mlango na karai lake, akauza bajia za dengu ambazo watu huzifuata hata kutoka Shela. Kurani ameihifadhi, na barua zake za Kiswahili huziandika kwa herufi za Kiarabu, mwandiko mzuri kuliko wangu, ila hizi herufi tunazosomea shuleni hazisomi. Hilo mliweke akilini.

Basi nilipomaliza kusahihisha rasimu ya kwanza nilibaki na rundo la karatasi, kurasa mia mbili na zaidi, zimeandikwa upande mmoja. Diploma yangu ilinifundisha kwamba rasimu ya kwanza ni ya kutupwa. Kuichoma sikuweza, maana uani kwetu moshi hauna pa kutokea, na siku hizo Mama alikuwa akilalamika kwamba magazeti ya kufungia bajia yamekuwa adimu, watu wanasoma habari kwenye simu. Nikambebea rundo lote. "Mama, karatasi hizi, nadhifu, utatumia mwezi mzima." Akanishukuru akaniombea dua. Nami nikajiona nimefanya jambo la maana, mwandishi mkubwa asiye na majivuno.

Sasa niwaambie kilichokuwamo ndani. Riwaya yangu ina kijana anayeitwa Faraji, anayelelewa na mjane muuza bajia, Bi Zaria, na kwa kuwa walimu wangu walisisitiza kwamba hadithi bila mgogoro ni kama mchuzi bila ndimu, nilimpa Bi Zaria roho ya jiwe. Nilimfanya bahili, nilimfanya mkali, nikamfanya amfungie Faraji mlango siku anayoondoka. Hilo la mlango sikulibuni. Siku niliyoondoka kwenda Nairobi niligeuka nyuma kwenye kichochoro nikaona mlango wetu umefungwa, na jeraha lile nililibeba miaka yote, nikalifanyia sura ya saba, sura bora kuliko zote (nililia nikiiandika).

Wiki mbili zikapita. Siku moja Mama akaniuliza, "Swaleh, mbona watu wanateka wakinunua bajia zangu?" Nikamjibu, "Ni tamu, Mama, mtu akifurahi hucheka." Akaridhika. Nami, na diploma yangu yote, nikaridhika.

Jumamosi ikafika, siku ya semina yangu. Nilikuwa nimetangaza mafunzo ya bure kwa wanaotaka kuandika hadithi na kuzichapisha, na darasa la shule ya msingi lilijaa, wanaume upande huu, wanawake upande ule, na Mama nilimkalisha mbele kabisa, ili aone kijana aliyemlea amekuwa nani. Nikafundisha! Nikawaambia wasimtumie mchapishaji kazi ambayo hawajaisoma kwa sauti, wasome masharti yake kabla ya kutuma, barua iwe fupi, na kamwe wasiandike kwenye barua hiyo kwamba jamaa zao wameipenda kazi, kwa sababu jamaa si wahakiki. Mama akatikisa kichwa kukubali.

Kisha nikafika kwenye zoezi. Nilikuwa nimeomba kila mmoja aje na ukurasa mmoja wa hadithi yoyote iliyomgusa, tuupasue pamoja tuone mwandishi amefanyaje. Nikasema, "Haya, toeni kurasa zenu." Nilitarajia vitabu. Kilichotoka mikobani na mifukoni ni karatasi zenye madoa ya mafuta. Nikahesabu kumi na moja nikaacha kuhesabu. Harufu ya bajia ikajaa darasani.

Khadija, fundi wa kushona nguo anayekaa nyuma ya nyumba yetu, akasimama wa kwanza. "Mwalimu, mimi mwandishi simjui, karatasi haina jina, lakini hadithi hii imenikosesha raha. Mimi nina ukurasa huu tu, na dada yangu ana wa mbele yake."

"Kwa sababu ya muda," nikasema, "labda tuanze na—"

"Mwache asome!" akapaza sauti Bwana Athmani. "Si umesema tulete?"

Khadija akasoma. "Bi Zaria alipima unga kama apimaye dhahabu, na kitunguu kimoja akakigawa kwa bajia mia."

Darasa likavunjika mbavu, na aliyecheka kuwashinda wote alikuwa Mama. "Vitunguu ni ghali, mwambieni!" akasema, akijipangusa macho kwa ncha ya mtandio. Nikaomba ardhi ipasuke. Khadija akaendelea: "Siku Faraji alipoondoka, aligeuka mara tatu, na mara tatu aliona mbao tupu za mlango. Moyo wa mwanamke yule ulikuwa na komeo kubwa kuliko la nyumba yake."

Mama aliacha kucheka.

"Soma tena hapo pa mlango," akasema.

Khadija akasoma tena, polepole, na safari hii hakuna aliyecheka.

"Kitabu hichi ni cha nani?" Mama akauliza.

Bwana Athmani, akitaka kuokoa jahazi, akasema, "Ni cha bajia, Bi."

Mama akanitazama. "Swaleh. Ni wewe?"

"Ni riwaya, Mama. Riwaya yataka mgogoro."

"Mimi nlikufungia mlango?"

Mama akajifunga buibui lake vizuri, akatoka, mwendo wake ule ule wa siku zote, na hapo ndipo nilipofanya la kunitia aibu zaidi ya yote, kwani niligeukia darasa nikasema, "Mnaona, wapenzi, jinsi maandishi mazuri yanavyogusa." Naapa nilisema hivyo.

Bwana Athmani akainuka. "Mwalimu," akasema taratibu, bila mzaha, "mfuate mamako. Mchapishaji atangoja."

Nilimfuata, lakini nilipofika alikuwa ameshapanda juu, na hakujibu nilipomwita. Nikaketi kibarazani. Alasiri ikaadhiniwa, watu wakaanza kuja na vibakuli, karai limelala baridi, jambo ambalo sijaliona hata siku za mvua kubwa.

"Bajia?" wananiuliza.

"Leo hakuna."

"Na kurasa?"

Nilikaa pale nikifikiri kwamba mwanamke aliyenikogesha na kunipeleka madrasa kwa mkono wake nimempa afungie bajia kwa matusi ya kumtukana yeye mwenyewe, akaziuza kwa mikono yake huku akitabasamu, na kama asingenisamehe angekuwa na haki. Mchapishaji, diploma, vyote niliviona karatasi tupu.

Mama akashuka Magharibi ilipokaribia. Hakuketi.

"Siku ile uliyoondoka nlikuwa nimepokea nguru mzima wa kuwapikia wageni. Paka wa mtaa huu huwayuwi? Mlango nliufunga kwa sababu ya paka."

"Paka?"

"Paka, ndio. Nkapanda darini nkakutezama, mpaka boti ikapotea upande wa Mokowe. Wewe wageuka mara tatu, hukutezama yuu hata mara moya."

Sikujua nicheke au nilie, nikafanya vyote viwili, vibaya. Sura yangu bora, iliyonitoa machozi, nimeijenga juu ya paka.

"Nisamehe, Mama. Nitaichoma yote."

"Wala usitome. Lete hapa, usome nisikie. Pa urongo ntakwambia."

"Kubuni si uongo, Mama, tulifundishwa—"

"Basi buni mamake mtu mwengine."

Tangu siku hiyo kila jioni nakaa jikoni nikimsomea, naye akikoroga unga ananisimamisha. Ubahili wa Bi Zaria ameniruhusu niuache ("huo ni kweli, na vitunguu bado ni ghali"), lakini maneno ya Bi Zaria ameyabadilisha karibu yote, kwa sababu anasema hakuna mwanamke wa Amu anayezungumza kama karani wa mahakama, na nikiyasoma upya, wallahi, yule mjane anaanza kupumua. Mchapishaji nimemwandikia kuomba muda zaidi. Barua ilikuwa fupi.

Nanyi mnaotaka kuandika, ushauri wangu sasa ni mmoja tu, nao haukuwamo kwenye diploma. Ukimwandika mtu aliye hai, kaa mbele yake umsomee, ukimtazama usoni, na ukiona huwezi, jua hiyo si riwaya, ni ghiba iliyopigwa chapa. Nimeapa sitatuma tena ukurasa hata mmoja ambao wenyewe hawajausikia. Kazi inakwenda polepole, sikatai. Miezi miwili imepita na tuko ukurasa wa arobaini, maana Bi Rukia kila mstari ana lake la kusema, na jana amenitajia dada zake wawili wa Kiunga ambao, kwa maoni yake, nao wamo humo ndani na lazima waitwe waje wasikilize.