Siku Vidole vya Msusi Viliposimama

Msusi wetu wa Takoma Park, huku ughaibuni, hapumzishi vidole. Akicheka vinasuka, akisimulia mambo ya kwao Bukavu vinasuka, na ukigeuka anakugonga bega kwa kitana: "Tulia, chérie." Jumapili hii aliegemeza simu kwenye kioo, kwa sababu mdogo wake aligombea udiwani katika mji mmoja wa Luxemburg na kura zilikuwa zikihesabiwa. Simu ilipolia, sauti ya mdogo wake ikasema, "Dada mukubwa, nimepita." Vidole vikasimama. "Diwani wangu," akajibu huku akifuta machozi kwa taulo langu, "na umeya utagombea lini?" Siku hiyo hakusuka tena. Nilipanda basi nikiwa nimesukwa nusu kichwa, na kila aliyenishangaa nilimwambia tumeshinda.