Meti, na Zamu ya Mama Yangu

Neno "meti" lilivuka mto Songwe wa mpakani pamoja na jirani yetu mmoja aliyekuwa akitia kuni kwenye meli ya Waingereza. Aliporudi, kila kiumbe kwake alikuwa meti: sisi vijana wa shule ya misheni, shemeji zake, hata beberu aliyekula kamba yake.

Neno lilitupendeza, tukamwuliza maana. Alisema melini meti ni msaidizi wa nahodha, lakini mabaharia nao huitana hivyo wenyewe kwa wenyewe, kama sisi tunavyosema ndugu yangu. Akatuonya kwamba baharia akikuita meti huku anakunja mikono ya shati, wewe ondoka.

Mwenzangu ninayekaa naye dawati moja, mwenye mdomo kutushinda sote, akalipeleka kwa mwalimu wetu Mdachi. Mimi nisingethubutu; nikiulizwa jina langu tu natazama miguu. Mwalimu hakuchukia kuulizwa neno la Kiingereza. Alisema mabaharia wa kwao pia wana la namna hiyo, maat, na kwamba Waingereza walilipata zamani kwa watu wa pwani ya kaskazini, majirani zao wa ng'ambo ya bahari. Mwanzoni, alisema, lilikuwa na maana ya mtu mnayekula naye chakula kimoja.

Darasa likacheka. Kwa Wanyakyusa, yaani karibu darasa zima, jambo hilo halihitaji meli. Vijana wa rika moja hulala katika nyumba zao wenyewe, mbali na wazazi, na wakati wa kula huondoka kundi zima kwenda kwa mama wa mmoja wao. Mlo unaofuata huwa zamu ya mama wa mwingine.

Mimi ni Mkisi. Mama yangu anafinyanga vyungu kijijini kwetu, chini ya milima inayoingia ziwani, ambako hakufikiki ila kwa mtumbwi. Hapa misheni nakaa kwa mwalimu msaidizi. Mara nyingi wenzangu walikuwa wakinivuta twende kula, nami nikijibu nimeshiba. Uongo mtupu, njaa ilikuwa ikiniuma. Ila niliona aibu kula kwa mama zao wakati sina pa kuwapeleka zamu yangu ikifika.

Tulipotoka darasani siku ile, yule mwenye mdomo alinigeukia mbele ya wote.

"Basi wewe si meti wetu," alisema. "Au ninyi Wakisi mnakula vyungu?"

Nilicheka pamoja nao, kisha nikaenda kula ugali wa mwalimu msaidizi.

Siku ya soko mama alikuja na shehena yake. Nilikuwa nikimshushia vyungu na kuvifuta majani aliyovifungia, na maneno ya yule mwenye mdomo yakanitoka nikiwa nimeinama, maana uso wake nisingeweza kuutazama. Hakunipa pole wala nini. Aliuliza wako wangapi. Nikasema sita, nami wa saba.

"Miba ya samaki wanaiweza?"

"Watajifunza."

Akatafuta mawe matatu, akanunua mbasa wawili wanene kwa mvuvi wa kijijini kwetu, kisha akachukua chungu kikubwa kuliko vyote alivyoleta, kile ambacho wanawake wawili walikuwa wameshaanza kukigonga na kukisikiliza. Nilimkataza, maana kikishapikiwa hakiuziki. Akasema chungu ni cha kupikia.

Kuwaita sasa. Hapo ndipo kazi ilipokuwa. Nilizunguka nyumba ya vijana kama mtu aliyepotelewa na mbuzi, mpaka yule mwenye mdomo akatoka kuuliza natafuta nini.

"Mama yangu amepika," nikasema.

Hakuwa na mzaha safari hii. Aliingia ndani, wakatoka wote sita, tukaenda.

Tulikaa mchangani, tukala kimya, maana mbasa hataki mazungumzo. Mmoja alikwamwa na mwiba. Mama akampa tonge kavu la ugali wa muhogo na kumwambia ameze bila kutafuna. Yule mwenye mdomo alisafisha chungu kwa kidole. Wakashukuru, ndaga, mama, mmoja baada ya mwingine, na mama akawaangalia kama anakagua vyungu kabla ya kuvitia motoni.

Jua liliposhuka, kundi liliondoka kwenda kula kwa mama wa yule mwenye mdomo. Hakuna aliyehitaji kuniita. Nilikuwa nimeshatangulia njiani.